Sikuiyeyusha Sarafu ya Paka

Ninyi mnaokuja kwangu Buzuruga na tupa mpya ndani ya begi, mkakaa kwenye mkeka wangu na kusema, "Shikamoo mama, tufundishe usonara," mnanifurahisha kuliko mnavyodhani. Zamani zangu, mteja alikuwa akiingia dukani, ananikuta nimeshika kibano, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikichoka kueleza nilikuwa nikisema, "Ametoka, anarudi sasa hivi." Naingia nyuma ya pazia, nahesabu mpaka tano, natoka. "Karibu, nimerudi." Wengine walicheka, wengine waliondoka. Waliocheka ndio walionilisha.

Kila mnapokuja mnaniuliza habari za moto: uwe mkali kiasi gani, silva inayeyuka ikiwa na rangi gani, mtungi upi wa gesi ni mzuri. Nitawajibu, maana ni maswali mazuri. Lakini kuyeyusha ndiyo kazi nyepesi kuliko zote benchini. Unaweka kipande kwenye kikombe cha kuyeyushia, unanyunyiza unga wa boraksi, unaelekeza moto, unasubiri kigeuke kiwe kama jicho la maji linalotetemeka. Basi. Leo nataka kuwaeleza jinsi ya kuzima moto huo mteja akiwa amesimama mbele yako anakukodolea macho. Hilo hakuna aliyenifundisha kwa maneno. Nilijifunza kwa kukosea, na mimi nikieleza jambo huanzia jikoni kabla ya kufika sebuleni, kwa hiyo mnivumilie.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kanji, mwenye duka pale Mirongo. Babu yake alitoka Uhindini, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Mwanza, na Kisukuma alikisema vizuri kuliko mimi niliyezaliwa Magu. Alinichukua nifagie. Siku ya kwanza nilifagia duka likatakata, hata chini ya benchi, na vumbi lote nikalimwaga kwenye mtaro wa nje. Nikasimama mlangoni nikisubiri sifa.

"Vumbi liko wapi?" akauliza.

"Nimeshatupa, mzee."

Alivua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia mtaroni mbele ya watu wote wa mtaa, mimi nikimfuata na beseni. Tulichota tope mpaka adhuhuri. Wapita njia wakauliza kama tumedondosha simu.

Kumbukeni hili: vumbi la sonara halitupwi. Kila unapopiga tupa, chembe za dhahabu na silva zinaanguka, zinaingia kwenye nyufa za sakafu, kwenye nywele, kwenye pindo la nguo. Takataka ya duka tunaikusanya miezi, tunaichoma, tunaiosha kwa karai kama wanavyofanya wachimbaji wadogo wa Geita, ndipo tunayeyusha kinachobaki. Hata maji ya kunawia mikono hayamwagwi mpaka yatulie. Ukimwona sonara anafagia kwa haraka, huyo bado ni mgeni.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu aliyelilipia ni mtu mwingine. Nilikuwa nimeshapandishwa kutoka kwenye ufagio hadi kwenye brashi. Akaja mwalimu mstaafu na sarafu moja ya silva ya zamani sana, yenye kichwa cha mfalme, nyeusi kama sufuria ya maharage. Aliiacha tuipime tu tujue kama ni silva kweli. Mzee Kanji alikuwa ametoka. Mimi nikajiambia, huyu mzee wa watu akirudi nimfurahishe. Nikaichemsha na magadi, nikaisugua kwa brashi, nikaipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia na ile dawa nyekundu. Ilipotoka ungeweza kujipaka poda kwa kuitazama.

Mzee Kanji aliporudi aliichukua, akaweka lenzi jichoni, akaikagua pande zote mbili. Kisha akavua lenzi.

"Umemchuna ngozi," akasema.

"Lakini inang'aa, mzee."

"Hata mbuzi aliyechunwa anang'aa." Akaifunga kwenye karatasi, akanipa. "Kosa hili lina mwenyewe. Mpelekee wewe, na umwambie wewe."

Nilikwenda kwa miguu, na njia ile sikuwahi kuiona ndefu vile. Mwalimu aliifungua karatasi, akaigeuza sarafu, akapitisha kidole. "Ndevu za mfalme zimekwenda wapi?" akauliza, taratibu tu, kama anamuuliza mwanafunzi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sikieni sasa, maana hili mtalihitaji. Kazi yetu sote ni kung'arisha, na mkono wa sonara ukiona weusi unawasha. Lakini sarafu ya mkusanyaji si bangili. Ule weusi ni ngozi yake, imeuota kwa miaka. Ukiusugua unaondoka na silva yenyewe, na sura, na tarehe. Na hizi sarafu mpya zinazotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji ndizo laini zaidi: uwanja wake ni kioo, picha yake ni kama umande ulioganda. Huzaliwa ndani ya kikasha cha plastiki cha duara na hukaa humo. Ukilazimika kuitoa, shika ukingo kwa vidole viwili, kama unavyoshika mboni ya jicho la mtu aliyekuamini. Usiongee juu yake, mate yanaruka. Usiifute hata kwa kitambaa cha hariri. Kidole kikigusa uso wake, chumvi ya kidole inabaki pale.

Haya. Sasa tufike sebuleni.

Mzee Kanji alikuwa ameshafariki, duka likabaki kwa binti yake aliyeko mbali, na benchi likabaki kwangu. Asubuhi moja ya Jumatano waliingia watu watatu. Mbele alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati limechomekewa, jina lake Mabula. Nyuma yake mzee wa ukoo wao, Mzee Ndaki, mfugaji, ana fimbo na bangili nene ya silva mkononi. Katikati yao, kama mtu anayesindikizwa, bibi mdogo wa umbo, amejifunga kitenge vizuri, amekumbatia leso yenye fundo. Huyo ndiye Bibi Nyamizi. Mabula alikuwa mdogo wa marehemu mume wake.

"Shikamoo mama," Mabula akaniamkia. "Tuna kitu cha kuyeyusha. Tunataka tuone kwa macho mpaka kiwe maji."

"Marahaba. Karibuni mkae. Kitu cha nani?"

"Cha familia."

"Cha kwangu," Bibi Nyamizi akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Alifungua fundo. Ndani kulikuwa na kikasha cha plastiki cha duara, na ndani ya kikasha sarafu ya silva, kubwa kuliko sarafu zetu zote. Nikaivutia lenzi. Niwaambie ukweli, niliguna. Alikuwa paka, lakini paka ambaye hatuna sisi. Nywele ndefu zimemzunguka kama ukosi wa manyoya, macho makubwa ya duara, na uso umebonyea ndani, pua imekaa katikati ya macho kana kwamba mtu alimkandamiza kwa kiganja angali mbichi. Kila unywele umechongwa. Pembeni maandishi madogo: jina la nchi ya mbali, uzito wake, na tarakimu za silva safi. Aliyechonga kile chuma alikuwa fundi. Mimi na miaka yangu yote nisingeweza.

Kikombe cha kuyeyushia kilikuwa tayari na moto nilikuwa nimeshauwasha kwa kazi nyingine. Lakini duka lile lilikuwa na desturi yake, na nyinyi mnaotaka kufungua vibanda vyenu muichukue: kitu hakiingii motoni mpaka mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba anataka. Si mume, si kaka, si mwenye kumshika mkono. Mzee Kanji aliwahi kukataa mkufu wa bibi harusi kwa sababu aliyeleta ni bwana harusi.

"Mama," nikamwambia Bibi Nyamizi, "unataka niiyeyushe?"

Mabula akajibu, "Anataka."

"Nimemuuliza yeye, baba."

Bibi akatazama leso. "Wamesema nikiiyeyusha nitaendelea kukaa nyumbani kwangu. Nisipoiyeyusha, kikao cha Jumamosi kinanitoa."

Nyumba yake ilikuwa Buswelu, kwenye kiwanja alichoachiwa na mume wake. Wakati walipojenga pale kulikuwa na pori na fisi. Siku hizi mnajua wenyewe jinsi watu wanavyovitafuta viwanja vya Buswelu. Nikauliza tu sarafu imetoka wapi.

Akanieleza vizuri, bila kubabaika. Alifanya kazi miaka tisa kwa mama mmoja wa Kizungu, mtafiti wa samaki, katika nyumba moja ya mlimani inayotazama ziwa. Mama yule alikuwa na paka wa Kiajemi, wa aina hii hii, jina lake Sultani. "Nywele zake usipozichana kila siku zinajifunga mafundo mpaka analia," akasema. "Nilimchana kila siku, isipokuwa Jumapili. Mama aliporudi kwao alimchukua. Paka alipokufa, akanitumia hii, na barua kwamba wamempata Sultani kwenye sarafu."

"Ameficha miaka yote!" Mabula akadakia. "Ndani ya sanduku, chini ya nguo za marehemu! Ng'ombe wangu wawili wamekufa, mke wangu mguu hauponi, kumbe ndani ya ukoo tuna hiki kitu. Na mama, sisi si watu wa kusingizia. Tumekipima."

"Mmekipimaje?"

Akashusha sauti. Mke wake alikuwa akiuza juisi pale sokoni Buswelu, na ana ndoo ya barafu. Walipoikuta sarafu waliitoa kwenye kikasha chake na kuiweka juu ya pande la barafu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuishika sana. "Ikazama. Ikaanza kuila barafu. Bila moto, bila jua, ndani ya nyumba! Tumeisimamia tukaiona inachimba kama panya. Sasa wewe ni fundi, niambie, chuma gani cha Mungu kinakula barafu?"

Duka lilikuwa na watu. Alikuwepo binti mmoja aliyekuja kupima pete ya uchumba. Nilimwona akirudi hatua moja.

Vijana wangu, nilielewa papo hapo kilichotokea na sikujua nicheke au nilie. Watu hawa walikuwa wamepima silva kwa kipimo sahihi kabisa, kipimo ambacho mimi mwenyewe hukitumia, halafu wakakisoma kama hukumu ya mtu.

Na pia nilielewa jambo la pili. Ningeweza kuinama, nikafanya kazi, dakika kumi, wakaondoka wameridhika, bibi akarudi nyumbani. Hata Bibi Nyamizi mwenyewe alikuwa ameshakubali usoni. Lakini Jumamosi wangesema nini? Wangesema, mmeona, ameiyeyusha mwenyewe, angekuwa safi angekataa. Mwezi ujao kitakufa kuku, na kitatafutwa kitu kingine sandukuni. Mji huu na vijiji vyake vimezika bibi wengi kwa mambo yaliyoanza na kitu kidogo. Mnajua ninachosema. Sina haja ya kukipamba.

Nikashika koki ya mtungi, nikazima moto.

"Siyeyushi," nikasema.

"Tutalipa."

"Sijasema habari ya malipo. Nimesema siyeyushi."

Mabula akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe na wewe ni wale wale. Mwanamke kuzoeana na moto kiasi hiki, nilijua tu kuna namna."

"Moto nimeuzoea, ni kazi yangu. Wewe umezoea nini, baba, kumpekulia shemeji yako sanduku?"

Yule binti wa pete akasogea benchini. "Mama, naomba pete yangu, nitarudi siku nyingine." Nikampa. Hakurudi, na pete ile niliipenda. Mkisimama mahali, wako watakaochukua pete zao. Wapeni, msiwagombeze.

Nikamtuma jirani wa duka la vinywaji aniletee pande la barafu kwenye sinia. Nikaliweka juu ya benchi. Nikachukua kijiko cha chai na kukilaza juu yake. Kisha nikamgeukia mzee wa ukoo, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema chochote zaidi ya salamu.

"Mzee Ndaki, bangili hiyo umeipata wapi?"

"Ya baba yangu. Na baba aliipata kwa baba yake."

"Naomba uniazime."

Akasita. Bangili ya namna ile haivuliwi ovyo, nami nilijua ninaomba jambo kubwa. Akaniangalia, akamwangalia Bibi Nyamizi, akaivua polepole kwa mate kidogo. Nikaiacha juu ya meza ipoe joto la mwili, ikae sawa na kijiko, ndipo nikailaza juu ya barafu.

Hatukusubiri sana. Bangili ilianza kuteleza, kisha kuzama, inachora mfereji wake wa duara, maji yanachuruzika pembeni. Kijiko kilikuwa bado kimelala juu juu.

"Silva," nikawaeleza, "inapitisha joto upesi kuliko vyuma vyote. Inachukua joto la hewa ya humu ndani inalipeleka chini kwenye barafu. Kijiko nacho kinapeleka, ila ni mvivu. Ndiyo sababu kikombe cha silva ukikimiminia chai kinakuunguza kabla hujakinyanyua. Sarafu ya mama imekula barafu kwa kuwa ni silva safi. Mmempimia bure, na mimi ningewatoza."

Jirani wa vinywaji, ambaye hakuwa na haya, akasema kutoka mlangoni, "Basi na mzee naye ni mchawi!"

Watu wakacheka. Mzee Ndaki hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya sinia anaitazama bangili ya baba yake ikizama.

Mabula hakukubali. "Haya, barafu tuiache. Lakini paka? Nani anaweka paka kwenye hela?"

"Una mia mbili mfukoni?"

Akatoa. Nikamwambia aigeuze. Simba wawili.

"Simba ni nini kama si paka aliyekula akashiba? Unatembea nao wawili kila siku, unalipia nauli."

"Simba namjua!" akasema kwa hasira. "Simba ana sura ya simba. Huyu ana sura gani? Paka gani amebonyea uso hivi? Hakuna paka wa hivi. Hicho ni kitu kingine kimevaa paka."

Hapo nilikwama, niwaambie kweli. Nilijua habari za vyuma, sikujua habari za paka. Aliyenisaidia ni mzee mwenyewe. Aliichomoa bangili kwenye barafu, akaipangusa kwa shati, akaivaa.

"Mabula," akasema, "unakumbuka ng'ombe wa misheni?"

"Wapi?"

"Hukumbuki, ulikuwa hujazaliwa. Walileta ng'ombe wa maziwa, mweusi na mweupe. Hana nundu." Akapitisha kiganja hewani, mgongo mnyoofu. "Tumezaliwa na ng'ombe, tumelala na ng'ombe, hatujaona ng'ombe asiye na nundu. Baba yangu alisema yule si ng'ombe, ni mtu amegeuzwa, nundu imekatwa ili asitambulike. Alikataa maziwa yake mwaka mzima. Alitukataza hata kupita upande ule." Akamgeukia Mabula. "Sasa wewe zizini kwako una wangapi wasio na nundu?"

Mabula akarudisha mia mbili yake mfukoni.

"Nakuuliza."

"Watatu, baba."

"Na maziwa yao unayauza kanisani." Akachukua fimbo yake. "Ng'ombe wana mbegu zao. Paka nao wana mbegu zao. Mpe shemeji yako sarafu yake, twende."

Mabula aliisukuma sarafu kwa ncha ya kidole mpaka ikafika mbele ya Bibi Nyamizi. Mlangoni akageuka. "Tutaona," akasema. Kila aliyeshindwa husema hivyo, na wakati mwingine huwa kweli, kwa hiyo sikucheka.

Kikao cha Jumamosi kilikaa. Mzee Ndaki alisema aliyoyasema, na Bibi Nyamizi hakutolewa. Mimi huku nilibaki na jina jipya: Mama Paka. Wateja walipungua kwa muda. Wengine walisimama ng'ambo ya barabara wakaita "Mama Paka!" waone nitafanya nini. Nikaitika, "Abee! Njoo uvushwe." Ukiitika jina, linakosa kazi. Baada ya miezi kadhaa waliokuwa wakiniita kwa kejeli waliniletea binti zao kutobolewa masikio.

Lakini Bibi Nyamizi alirudi kabla ya hapo, wiki iliyofuata, peke yake. Akaketi, akafungua leso.

"Nyumbani wameniacha," akasema. "Ila wananipita kama shimo la choo. Watoto wamekatazwa karanga zangu. Nataka unitengenezee hii niivae."

"Mama, hii haivaliwi! Itakwaruzika, itapoteza thamani yake, jasho tu litaiharibu." Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi, ngozi na kioo na umande, na habari ya mwalimu na ndevu za mfalme. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimeificha miaka mingi, na kufichwa ndiko kulikonipeleka kwenye kikao. Kitu kikiwa sandukuni, kila mtu anakijua kuliko mwenyewe. Nataka waione kabla hawajaitafuta."

Mimi nilijiona nimeilinda sarafu, kumbe sarafu haikuwa na shida. Mwenyewe ndiye aliyekuwa na shida, na mwenyewe alikuwa amesema kwa mdomo wake.

Nikamtengenezea. Nawapa na namna yake, maana ipo siku mtaletewa. Usitoboe tundu kamwe. Unafanya duara la silva linalozidi sarafu kwa unywele, unaunganisha pete ya kupitishia mkufu na kucha nne ndogo, na kazi yote ya moto unaimaliza sarafu ikiwa mbali. Likishapoa kabisa ndipo unaitumbukiza, unazilaza kucha juu ya ukingo kwa kijiti cha mti, si cha chuma. Hakuna kinachogusa uso. Siku mwenyewe akitaka kuitoa, anazinyanyua kucha na inatoka nzima.

Nilipoikagua kwa lenzi mara ya mwisho niliona alama juu ya paji la paka: kidole gumba, kikubwa, mistari yote imekaa. Si cha bibi. Nikamwambia, hii ni ya Mabula, ameigusa alipoitoa kwenye kikasha, na siwezi kuifuta bila kuikwaruza.

Akacheka mpaka akashika benchi. "Yeye aliyeogopa kuishika! Iache. Iache hapo hapo."

Nilimfungia mkufu shingoni. Sarafu ilikaa katikati ya kifua, juu ya kitenge, paka na macho yake yote. Akaomba kioo, akajitazama, akarekebisha kilemba. Halafu akasema, "Sasa nasindikizwa na nani?"

Ilikuwa saa sita, siku ya kazi, na wateja wenyewe walikuwa wachache. Nikafunga duka.

Tulipanda daladala, tukashuka Buswelu, tukapita katikati ya soko, si pembeni. Wauza nyanya wakanyamaza mmoja mmoja tulivyokuwa tukipita. Mtu akasema kitu kwa Kisukuma, mwingine akamnyamazisha. Bibi Nyamizi alikuwa akisalimia kila upande kana kwamba ametoka safari.

Akasimama kwenye meza ya juisi ya mke wa Mabula. Yule mama alikuwa ameketi, mguu wenye kidonda ameunyoosha juu ya kigoda. Akaitazama sarafu, akatutazama sisi, akaitazama tena.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ndiyo ile?"

"Ndiyo. Anaitwa Sultani," Bibi Nyamizi akasema. "Sogea umwone vizuri."

Soko zima lilikuwa linasubiri. Yule mama akafuta mikono kwenye kanga, akaushusha mguu wake chini taratibu, akasogea.